Mbegu ya mung'unye nayo ni pembejeo

Mkulima wa Newala akiulizwa gharama za shamba, hutaja salfa kwanza. Ana haki: bila salfa, ubwiri unga hukausha maua ya mkorosho, na mnadani hana cha kupeleka. Lakini kati ya mikorosho na kando ya nyumba ipo biashara nyingine: mafungu ya majani ya maboga, mamung'unye, matango. Ni hela ndogo, ila huingia wakati ya korosho haijaonekana.

Adui mmoja mkubwa wa mazao haya ni utitiri, jamaa ya buibui asiyezidi nusu milimita. Hukaa chini ya jani na kulifyonza hadi likauke. Wakati wa joto, yai huwa utitiri mzima kwa wiki moja hivi, na jike hutaga mayai yanayoweza kufika 100. Dawa za kuua kila mdudu mara nyingi huzidisha balaa, maana huwamaliza kwanza wanaomla utitiri. Salfa kweli humuua, lakini jua likiwa kali huunguza majani ya baadhi ya maboga na matango.

Hapo ndipo kinga ya mmea wenyewe inapokuwa fedha. Jamii ya maboga hutengeneza uchungu uitwao kukurbitasini. Mwaka 1971, watafiti Da Costa na Jones walionyesha kuwa matango yenye kinasaba cha uchungu humstahimili utitiri, na yasiyo nacho huliwa. Ila uchungu huohuo huwavuta mbawakawa wa matango.

Kwa soko la Masasi, jambo hili lina pande mbili. Anayeuza tango anaweza kufaidi, kwani jani linaweza kuwa chungu na tunda likabaki tamu. Anayeuza majani ya maboga hawezi: nani atanunua fungu chungu? Tena boga au mung'unye likiwa chungu linaweza kuwa sumu, likatapisha na kuharisha.

Muhogo unaonyesha njia nyingine. Utitiri wa kijani ulionekana Uganda mwaka huohuo wa 1971, ukaenea Afrika. Mwaka 1993 utitiri mla-utitiri kutoka Brazili ulianza kuachiwa Benin, na ukakaa vizuri zaidi kwenye mihogo yenye ncha za manyoya. Kumbe mmea unaweza kujikinga kwa kumpa mlinzi mahali pa kukaa.

Watafiti wa kilimo wa TARI Naliendele, wanaoujua muhogo na korosho za kusini, wazipime pia mbegu zetu za mung'unye na boga. Nawe mkulima, shina litakalobaki kijani wenzake wakikauka lifunge kamba. Tunda lake la kwanza usiliuze. Liache likomae, utoe mbegu.