Utangulizi: Kupe, Papasi na Watu Wanaotembea

Mwaka 1905 daktari Mwingereza John Everett Dutton alifariki Kasongo, mashariki ya Kongo, akiwa hajatimiza miaka 29. Homa iliyomuua ndiyo aliyokuwa akiichunguza. Yeye na mwenzake John Todd walikuwa wamethibitisha kwamba homa ile ya kurudiarudia huenezwa na papasi. Mwaka huohuo Robert Koch, akifanya kazi katika nchi ambayo leo ni Tanzania Bara, aligundua kwamba papasi jike huwarithisha watoto wake vimelea kupitia mayai. Bakteria wa homa hiyo anaitwa Borrelia duttonii hadi leo.

Nimeanza na kifo hiki kwa sababu wanafunzi wengi huingia darasani wakiamini kwamba magonjwa yanayoenezwa na kupe na papasi ni ya porini, na anayeyaogopa abaki nyumbani. Papasi ni kiumbe wa nyumbani. Hujificha kwenye nyufa za kuta za udongo na katika vumbi la sakafu, hutoka usiku, hunyonya damu kwa muda mfupi, kisha hurudi ufani kabla mlalaji hajashtuka. Anaweza kukaa miaka bila kula. Mkoani Dodoma homa ya papasi imewasumbua watu kwa vizazi, hasa watoto wadogo na wajawazito, na hakuna hata mmoja wao aliyehitaji kupanda mlima ili aipate. Sakafu ya saruji, ukuta uliopigwa lipu na kitanda kilichoinuliwa kutoka chini vina thamani kubwa hapa kuliko dawa nyingi.

Kupe wa nyasi ana tabia nyingine kabisa. Hupanda jani, hushika kwa miguu ya nyuma na kunyoosha ile ya mbele, kama konda anayening'inia mlangoni mwa daladala akitafuta abiria. Kwenye miguu hiyo ana kiungo kinachonusa hewa tunayoipumua. Haruki wala hadondoki kutoka mtini, ingawa wengi wanaapa wamemwona akidondoka. Hungoja uguse jani. Akishapanda hutafuta ngozi laini, hujichimbia na kukaa siku kadhaa. Kwa mtembeaji, siku hizo ni nafasi ya kumwona na kumtoa. Papasi hakupi nafasi hiyo.

Katika Afrika Mashariki kupe wa kumjua kwanza ni Amblyomma variegatum, yule mwenye madoa ya rangi mgongoni, anayeandama ng'ombe. Huweza kubeba Rickettsia africae, bakteria anayeleta homa ya kuumwa na kupe. Siku kadhaa baada ya kuumwa, kichwa huuma, shingo hukakamaa, tezi huvimba, na mahali pa jeraha hutokea kidonda chenye kigaga cheusi, mara nyingi zaidi ya kimoja. Ugonjwa huu kwa kawaida hauui, na doksisaiklini huutibu vizuri. Shida ni kwamba unafanana na malaria. Kipimo cha malaria kikisema hakuna kitu, mgonjwa aliyetoka matembezini amwonyeshe daktari kigaga hicho na kumweleza alipita wapi.

Wafugaji wanajua mengi kuliko vitabu vyetu. Wao huogopa zaidi ndigana kali, inayoletwa na kupe, inayomaliza ndama na isiyompata binadamu, na majosho yalijengwa kwa ajili yake. Mtu anayekimbia asubuhi kwenye njia za mifugo angefanya vyema kumuuliza mchungaji ni malisho yapi yana kupe msimu huu.

Ugonjwa wa Lyme, ambao nao huenezwa na kupe na unazungumzwa sana Marekani na Ulaya, una undugu wa kitaaluma na papasi wetu. Willy Burgdorfer, Mswisi aliyetambua bakteria wake mwanzoni mwa miaka ya 1980, alijifunza kupasua kupe akiwa Basel, kwa kuchunguza papasi wa Afrika na Borrelia duttonii. Jicho lililozoea vimelea vya huku ndilo lililovitambua vya kule.

Sura tatu za kwanza zinaeleza mwili wa kupe, maisha yake na vimelea anavyobeba. Asiye na subira aanzie sura ya nne, ya watembeaji. Humo nimeeleza kwa nini suruali iingizwe ndani ya soksi, kwa nini nguo nyeupe humfichua kupe mapema, na kwa nini dawa ya pemethrini hupakwa kwenye nguo, si kwenye ngozi. Nimeeleza pia jinsi ya kujikagua jioni: kwapani, kinenani, nyuma ya magoti, kwenye mstari wa nywele. Kupe aliyeng'ang'ania hushikwa kwa kibano karibu kabisa na ngozi, akavutwa juu taratibu bila kusokotwa. Mafuta ya taa, kiberiti na sigara, ambavyo kila familia ina mjomba anayevisifia, nimevipa ukurasa mzima, kwa sababu humchokoza kupe na huunguza ngozi ya mwenye mguu.