Pikapu Ikilia Nyuma, Tusikimbilie Kumwaga Oili

Kijijini kwetu tuna pikapu moja. Hiyo ndiyo inayobeba mahindi kwenda sokoni. Usiku hiyo hiyo ndiyo inayompeleka mama mjamzito zahanati. Zamani ilikuwa inakuja kimya. Halafu ikaanza kulia huku nyuma: kwii, kwii, kwii. Mwenzetu mmoja akasema eti ni heri, watu watajua gari linakuja.

Sisi tulifanya nini? Tulichukua oili chafu ya injini, tukaimwaga kwenye springi zote mbili. Kelele ikakoma, tukafurahi. Baada ya wiki mbili ikarudi kwa nguvu zaidi. Tukamwaga tena. Kumbe tulikuwa tunaficha ugonjwa.

Kwanza tuijue springi yenyewe. Ni vyuma bapa kadhaa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Ncha za chuma kirefu zimekunjwa kama pete, na ndani ya pete mna bushi za mpira. Pete ya mbele imefungwa kwenye chasisi. Ya nyuma imeshikwa na kishikio kinachobembea, maana mzigo ukikaa, springi hunyooka na ncha zake husogea. Katikati, springi imebanwa kwenye ekseli kwa bolti zenye umbo la herufi U. Iko pia bolti moja inayopita ndani ya vyuma vyote. Mafundi huiita senta bolti.

Gari likiingia shimoni, vyuma hivi husuguana. Vikiwa na kutu na vumbi, vinalia. Lakini bushi iliyokauka nayo inalia. Bolti za U zilizolegea nazo zinalia. Tutajuaje ni kipi?

Chukua kopo la maji. Simamisha gari mahali tambarare, vuta breki ya mkono, weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Watu wawili walitikise gari kwa nyuma, juu na chini. Wewe chuchumaa kando, usiingie chini. Mwagia maji bushi ya mbele, sikiliza. Kisha bushi ya nyuma. Kisha vyuma. Ukimwagia mahali na kelele ikanyamaza, hapo ndipo panapolia.

Kama ni vyuma, vinahitaji kusafishwa. Pandisha gari kwa jeki, kisha weka stendi imara chini ya chasisi. Usitegemee jeki peke yake, wala tofali. Tofali hupasuka ghafla na gari likamwangukia mtu. Magurudumu yakining'inia, vyuma huachana kidogo. Sugua kutu kwa burashi ya waya, kisha paka grisi kidogo kati ya vyuma. Kidogo tu, kwa sababu grisi nyingi hukamata vumbi.

Kama ni bushi, oili haitibu. Oili huvimbisha mpira na kuulainisha, ukafa upesi. Isitoshe, ikidondokea kwenye breki, breki hazishiki. Dawa ni bushi mpya. Bolti za bushi za mpira zikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Ukizikaza likiwa juu, mpira unajisokota gari likishuka.

Sasa turudi kwa pikapu yetu. Fundi alipofuta ile oili yetu, alikuta bolti za U zimelegea na senta bolti imekatika. Tulinyamaza wote. Bolti hiyo ndiyo inayoshika ekseli isiteleze kwenye springi. Ekseli ikisogea, gari huvuta upande, na sisi wiki ile ile tulikuwa tumepakia watu nyuma.

Kwa hiyo kabla ya yote, angalia. Je, gari limelala upande mmoja? Gurudumu moja la nyuma limesogea kuliko lenzake? Kuna chuma chenye ufa, au mahali pamesuguka mpaka panang'aa karibu na bolti za U? Ukiona hivyo, usipakie mzigo wala watu. Mwite fundi.

Fundi aliweka senta bolti mpya na bolti mpya za U. Akatuambia tumrudishie gari baada ya siku chache, azikaze tena, kwa sababu zikiwa mpya hulegea. Tulimrudishia, na kweli zilizunguka kidogo.

Kiangazi, vumbi likizidi, pikapu bado hulia. Kopo la maji tunaliweka chini ya kiti cha dereva.