Teksi ya hibridi: nani anakula faida, na nani atalipa betri?



Juma hili tunazungumza juu ya gari. Tunajua wengine mtasema: gari ni mambo ya wabwana na watoto wanaume. Lakini pesa ya kununua gari inatoka wapi? Mara nyingi inatoka katika sanduku letu. Tangu benki za hapa Goma zilipofunga milango Januari 2025, tumeona wazi kwamba AVEC na likelemba ndizo zilizobaki kuwa benki ya mama wa kawaida. Basi yule anayelinda sanduku lazima ajue pesa inaenda kufanya nini.

Swali lilitoka katika kikundi kimoja cha wamama wenzetu. Mmoja wao ana mtoto dereva. Kijana amepata gari ya kuuzwa, Toyota Prius iliyotoka Japani, na anaomba kikundi kimsaidie ili aitumie kama teksi. Nusu ya wamama walisema: tumpe, gari hii inakunywa esanse kidogo sana. Nusu ingine walisema: tusimpe, siku betri itakufa gari itabaki nyumba ya kuku. Walitufikia wakiwa wamekasirikiana. Tumeuliza, tumesoma, tumepiga hesabu, na tumeona kwamba pande zote mbili zina haki. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Gari hii inafanya kazi namna gani

Gari ya hibridi ina vitu viwili vya kuisukuma: motere ya esanse kama magari yote, na mota ya umeme. Umeme unatoka katika betri kubwa iliyo nyuma, karibu na kiti cha abiria. Betri hiyo huichomeki ukutani. Inajijaza yenyewe motere inapozunguka, na pia dereva anapokanyaga breki au anaposhuka mlima, kwa sababu mota inageuka kuwa jenereta. Wale wanaoshuka kutoka Kibumba wangeona betri inajaa njiani bila tone la esanse.

Ndiyo maana gari hii inapenda kazi ya teksi. Gari ya kawaida ikisimama katika msongamano pale rompwe ya Chukudu, motere yake inaendelea kula. Ya hibridi inazima motere, na ikianza kutembea polepole inatumia umeme. Kusimama na kuondoka, kusimama na kuondoka, ndicho kinachomaliza esanse ya teksi ya kawaida, na ndipo hibridi inapookoa.

Je, inadumu?

Prius ya kwanza iliuzwa Japani mwaka 1997. Wakati ule watu wengi walidhani betri haitamaliza miaka michache. Madereva wa teksi ndio waliojibu. Huko Vancouver, Kanada, dereva mmoja aliendesha Prius ya mwaka 2001 zaidi ya kilomita 300,000 kwa muda wa miaka kama miwili, na kampuni ya Toyota ikainunua tena ili kuichunguza. New York ilianza kuruhusu teksi za hibridi mwaka 2005. Na mwaka 2011 gazeti la Marekani la Consumer Reports lilipima Prius ya mwaka 2002 iliyokuwa imetembea kilomita kama 330,000 na betri yake ileile ya mwanzo. Ulaji wake wa esanse ulikuwa karibu sawa na ule waliopima gari ya namna hiyo ikiwa mpya.

Kuna sababu. Hibridi ya Toyota haina ambreyaje ya kuchakaa, wala demarere ya kawaida, wala alternatere ya kawaida. Plaketi za breki zinakaa muda mrefu kwa sababu mota ya umeme ndiyo inayopunguza mwendo kwanza.

Lakini tusijidanganye. Magari yale yalinunuliwa mapya, yakatembea katika lami, yakafanyiwa huduma kwa wakati. Yetu yanafika Goma yakiwa na miaka kumi au zaidi, baada ya meli hadi Mombasa au Dar es Salaam na barabara ndefu kutoka huko. Na betri haizeeki kwa kilomita peke yake, inazeeka kwa miaka pia. Gari ya miaka kumi na tano iliyotembea kidogo bado ina betri ya miaka kumi na tano.

Tena si hibridi zote zina tabia moja. Honda Fit ya hibridi iliyotoka mwaka 2013 iliitwa kurudi kwa marekebisho mara kadhaa huko Japani katika mwaka wake wa kwanza, hasa kwa matatizo ya giaboksi. Hata Toyota yenyewe, Februari 2014, iliita Prius milioni 1.9 duniani kwa shida ya kifaa kinachogeuza umeme. Neno «hibridi» peke yake halitoshi. Uliza ni gari gani na ya mwaka gani.

Hesabu ya esanse

Chukueni kalamu. Namba hizi ni za mfano. Kila mama aweke bei ya siku yake.

Tuseme teksi inatembea kilomita 120 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Gari ya kawaida inayokula lita 9 kwa kilomita 100 itamaliza lita 10.8 kwa siku. Hibridi yenye afya, katika barabara zetu, tuiwekee lita 6 kwa kilomita 100. Itamaliza lita 7.2. Tofauti ni lita 3.6 kila siku, karibu lita 94 kwa mwezi. Tukihesabu lita moja kwa dola 1.5, ni dola 5.4 kwa siku, na dola 140 kwa mwezi.

Ni pesa nyingi. Ni masomo ya watoto. Wamama waliosema «tumpe» hawakukosea.

Faida inaingia mfuko wa nani?

Hapa ndipo tunaomba msome polepole, kwa sababu ndipo vikundi vinaanguka.

Mnajua desturi ya teksi kwetu. Dereva analeta pesa iliyokubaliwa kila jioni kwa mwenye gari. Esanse anaweka dereva. Gari ikiharibika, mwenye gari ndiye anayetengeneza.

Sasa weka hibridi katika desturi hiyo. Lita 3.6 zinazookolewa kila siku, nani anazipata? Dereva. Betri ikikufa, nani anailipa? Mwenye gari. Kikundi kinaweza kumiliki gari inayookoa esanse miaka miwili, kisiguse hata dola moja ya akiba hiyo, halafu siku moja kiletewe bei ya betri nzima. Mama aliyesema «itabaki nyumba ya kuku» alikuwa anaona siku hiyo.

Hatusemi dereva ni mwizi. Hata akiwa mtoto wako wa tumbo, mapatano ndiyo yaliyo mabaya. Akiba ya esanse na deni la betri ni kitu kimoja: umeme unaookoa esanse leo ndio unaochosha betri ya kesho. Basi anayekula akiba awe pia anachangia betri.

Sanduku la betri

Kabla ya kununua gari, ulizeni kwanza bei ya betri ya gari ileile, pamoja na usafiri na kazi ya fundi. Ulizeni hapa Goma na ng'ambo ya mpaka, Gisenyi na Kigali. Mkikosa mtu wa kuwatajia bei, hilo nalo ni jibu: msinunue gari hiyo.

Kisha gawanyeni. Kama mmetajiwa dola 1,000, na dereva anaongeza dola 2 kila siku juu ya malipo ya kawaida, itachukua siku 500 za kazi kufikia bei hiyo. Ni karibu miezi 19. Katika mfano wetu dereva bado anabaki na dola 3.4 za akiba kwa siku, kwa hiyo hajaonewa.

Lakini angalieni jambo moja. AVEC nyingi zinagawana pesa kila mwisho wa mzunguko, mara nyingi baada ya miezi tisa au mwaka mmoja. Miezi 19 inapita mzunguko. Pesa ya betri ikikaa pamoja na hisa, siku ya kugawana itagawanywa pia, na hakuna mama atakayekubali kuirudisha. Iwe na sanduku lake, daftari lake, na funguo tatu kwa watu watatu. Kama betri inayokuja na gari ni ya zamani, wekeni kitu ndani siku ileile ya kununua, kwa sababu hamjui kama itawapa hiyo miezi 19.

Mavumbi, mawe na bidoni

Hali ya hewa yetu ni rafiki wa betri hizi. Adui yao mkubwa ni joto, na Goma iko juu, mita kama 1,500, tena kando ya ziwa. Lakini tuna mambo yetu mengine.

*Mavumbi.* Betri kubwa inapozwa na feni inayovuta hewa kutoka ndani ya gari, kupitia tundu lililo kando ya kiti cha nyuma. Mavumbi yetu meusi ya volkeno yanaingia humo, feni inaziba, betri inapata joto na inakufa mapema. Dereva asafishe feni hiyo kila baada ya miezi michache. Na sisi abiria tuna sehemu yetu: tukipanda tusifunike tundu lile kwa mfuko wa viazi wala kwa kitenge.

*Mawe.* Prius iko chini. Avenyu zetu nyingi zimejaa mawe ya lava, na katika kartie nyingi hakuna lami. Gari hii ni ya barabara kubwa. Kama mteja wake anaishi ndani ya mawe ya Ndosho, moto itampeleka vizuri zaidi.

*Bidoni.* Madereva wengi wananunua lita mbili mbili kwa Kadhafi wa barabarani na kutembea tanki ikiwa karibu tupu. Kwa hibridi ni hatari. Esanse ikiisha, gari inaendelea kidogo kwa umeme na kumaliza betri kubwa, na betri hiyo ndiyo inayowasha motere. Ikiisha kabisa, esanse mpya haitasaidia kitu.

*Betri ndogo.* Kuna pia betri ndogo ya volti 12 kama ya gari yoyote. Ikichoka, gari haiwaki hata kama kubwa ni nzima. Fundi asiyejua, au asiye na huruma, atawaambia mnunue kubwa. Pimeni ndogo kwanza. Na wakiwasha kwa betri ya gari ingine, nyaya zisigeuzwe: kosa la mara moja linaweza kuunguza kifaa cha thamani.

*Watoto.* Nyaya za rangi ya machungwa zina umeme wa kuua. Gari ya hibridi iliyofunguliwa kwa fundi si mahali pa mtoto kuchezea.

Kabla ya kutoa pesa

Tunaomba kikundi chochote kifanye mambo haya:

1. Fundi anayejua hibridi aipime betri kwa mashine, sehemu baada ya sehemu. Prius nyingi za zamani zina sehemu 28. Zikitofautiana sana, betri iko karibu kuchoka. Mwuzaji akikataa ipimwe, rudini nyumbani.
2. Gari ijaribiwe saa nzima, mlimani na katika msongamano. Kipimo cha betri kikipanda na kushuka haraka haraka, ni dalili mbaya.
3. Msiamini namba ya kilomita peke yake. Angalieni usukani, pedali na viti.
4. Mapatano na dereva yaandikwe: malipo ya siku, pesa ya betri, nani anasafisha feni, gari inapumzika siku gani kwa huduma.
5. Bei ya gari pamoja na bei ya betri ndiyo bei ya kweli. Kama hamwezi hiyo ya pili, ile ya kwanza si rahisi.

Kikundi kile kimekutana tena. Hawajatoa pesa bado. Wamemwambia kijana alete fundi wa kupima betri, na wameandika mapatano yenye mstari wa pesa ya betri. Mama yake ndiye aliyesoma mstari huo kwa sauti, mbele ya wote, na kijana akasaini. Betri ikipimwa ikaonekana nzuri, watanunua. Ikionekana mbaya, watatafuta gari ingine, na urafiki wao utabaki.

Kama kikundi chenu kimeshanunua hibridi, njooni mtusimulie: inakula lita ngapi, betri ina miaka mingapi, mlipatana vipi na dereva. Leteni daftari, tutapiga hesabu pamoja.