Majibu ya damu si tarakimu tupu: Mwongozo kwa wanafunzi wa uuguzi

KATIKA wadi ya Burat, Kaunti ya Isiolo, muuguzi wa zahanati mara nyingi ndiye mtu wa kwanza kuyaona majibu ya damu ya mgonjwa, na wakati mwingine ndiye wa pekee. Daktari yuko mjini, mgonjwa ni mfugaji ambaye huenda kesho akahama na mifugo yake, na karatasi ya maabara iko mezani. Uamuzi utakaotolewa katika dakika chache zijazo ndio utakaoonyesha kama mgonjwa atapewa dawa, atapewa rufaa au atarudishwa nyumbani.

Ndiyo maana somo la kusoma vipimo vya damu ni zito kwa wanafunzi wa uuguzi, wakiwamo wale wa Chuo cha Mafunzo ya Udaktari (KMTC) ambacho kina tawi mjini Isiolo. Wengi hukariri viwango kwa ajili ya mtihani. Lakini viwango pekee havitoshi. Anayehitajika wodini ni muuguzi anayeelewa maana ya tarakimu hizo na mambo yanayoweza kuzipotosha.

Kiwango cha kawaida ni nini?

Kando ya kila jibu, maabara huandika kiwango cha kawaida. Kiwango hicho hupatikana kwa kuwapima watu wengi wenye afya, kisha kuchukua eneo ambalo asilimia 95 kati yao huangukia. Maana yake ni kwamba watu 5 kati ya kila 100 walio wazima kabisa watakuwa nje ya mipaka hiyo bila kuwa na ugonjwa wowote.

Mgonjwa akipimwa vitu vingi kwa pamoja, uwezekano wa kupata jibu lisilo la kawaida kwa bahati tu huongezeka. Mtu mzima wa afya akifanyiwa vipimo 20 visivyotegemeana, uwezekano wa angalau kimoja kutoka nje ya mipaka ni karibu asilimia 64. Kwa hiyo alama ya juu au ya chini iliyochapishwa na mashine ni sababu ya kuuliza maswali zaidi, wala si hukumu.

Jambo la pili ni kwamba viwango vingi vilivyo katika vitabu vilitokana na watu wa Ulaya na Marekani. Mwaka wa 2008, watafiti walichapisha viwango vilivyotokana na wakazi wa mashambani wa Kericho. Mwaka uliofuata, utafiti mwingine ukatoa viwango vya watu wazima wa mataifa kadhaa ya Mashariki na Kusini mwa Afrika, wakiwamo wakazi wa Kilifi na Nairobi. Ilibainika kuwa Waafrika wengi wenye afya njema wana chembechembe chache zaidi za nyutrofili, ambazo ni aina ya chembechembe nyeupe, kuliko vitabu vinavyosema. Kwa wengi hali hii hutokana na maumbile ya kurithi wala haiwaletei madhara. Mwanafunzi asiyelijua hilo anaweza kumtia hofu mtu ambaye hana tatizo lolote.

Hesabu kamili ya damu

Kipimo kinachoagizwa mara nyingi zaidi ni hesabu kamili ya damu. Kina sehemu tatu kuu: chembechembe nyekundu, chembechembe nyeupe na chembe sahani.

Chembechembe nyekundu hubeba himoglobini, ambayo husafirisha oksijeni mwilini. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), mwanamume mwenye himoglobini chini ya gramu 13 kwa desilita ana upungufu wa damu. Kwa mwanamke asiye mjamzito, mpaka ni gramu 12. Kwa mjamzito mpaka ni gramu 11, ingawa mwongozo wa mwaka wa 2024 uliushusha hadi 10.5 katika miezi mitatu ya katikati ya ujauzito, kwa kuwa maji ya damu huongezeka wakati huo na kuizimua. Mjamzito mwenye chini ya gramu 7 ana upungufu mkali na hapaswi kusubiri kliniki ya mwezi ujao.

Mwinuko wa mahali pia huhesabiwa. Watu wanaoishi nyanda za juu huwa na himoglobini zaidi kwa sababu hewa yao ina oksijeni kidogo. Mji wa Isiolo uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na miongozo ya WHO huelekeza mpaka upandishwe kulingana na mwinuko.

Baada ya himoglobini, mwanafunzi aangalie ukubwa wa wastani wa chembechembe nyekundu, unaoandikwa MCV. Kwa mtu mzima, kawaida ni kati ya femtolita 80 na 100. Zikiwa ndogo, jambo la kwanza la kufikiriwa ni upungufu wa madini ya chuma. Zikiwa kubwa kupita kiasi, hufikiriwa upungufu wa foliki asidi au vitamini B12, ugonjwa wa ini, au baadhi ya dawa. Zikiwa za ukubwa wa kawaida ilhali damu ni pungufu, huenda mgonjwa ametokwa na damu karibuni, au ana ugonjwa wa muda mrefu kama ule wa figo.

Kuna hesabu rahisi ya kukagua jibu. Himoglobini ikizidishwa kwa 3 hukaribia asilimia ya ujazo wa chembechembe nyekundu. Himoglobini ya 10 huambatana na ujazo wa karibu asilimia 30. Tofauti ikiwa kubwa mno, huenda sampuli ina kasoro, na ni busara kuzungumza na maabara kabla ya kuchukua hatua.

Chembechembe nyeupe kwa kawaida huwa kati ya 4,000 na 11,000 katika kila mikrolita. Nyutrofili zikipanda sana, maambukizi ya bakteria hushukiwa. Limfosaiti zikipanda, virusi hushukiwa. Eosinofili zikipanda, minyoo au mzio hufikiriwa.

Chembe sahani, zinazosaidia damu kuganda, huwa kati ya 150,000 na 450,000. Malaria huzishusha mara nyingi. Mgonjwa mwenye chembe sahani chache aangaliwe kama anatokwa na damu puani au kwenye fizi, na asidungwe sindano ya msuli bila kushauriana na daktari.

Somo la kala-azar

Hapa ndipo mazingira ya Isiolo yanapoingia. Kaunti hiyo ni miongoni mwa maeneo kame ya Kenya ambako kala-azar, ugonjwa unaoenezwa na usubi wa mchangani, hupatikana. Vimelea vyake huvamia wengu, ini na uboho, mahali ambapo damu hutengenezwa.

Matokeo yake huonekana waziwazi kwenye hesabu kamili ya damu. Himoglobini iko chini, chembechembe nyeupe ziko chini, na chembe sahani nazo ziko chini. Mwanafunzi anayetazama mstari mmoja tu ataona upungufu wa damu na kutoa vidonge vya madini ya chuma. Anayeitazama mistari yote mitatu, akakumbuka kuwa mgonjwa ana homa ya zaidi ya wiki mbili na wengu uliovimba, atamtuma akapimwe kala-azar.

Tofauti hiyo ni ya uhai na mauti, kwani WHO inasema kala-azar isipotibiwa huua zaidi ya asilimia 95 ya wagonjwa. Hata hivyo, kipimo cha haraka cha ugonjwa huu hakigundui wagonjwa wote wa Afrika Mashariki, na huweza kubaki chanya kwa muda mrefu baada ya mtu kupona. Jibu hasi kwa mgonjwa mwenye dalili zote haliondoi shaka, na jibu chanya kwa aliyewahi kutibiwa halithibitishi kwamba ugonjwa umerudi.

"Taifodi na brusela"

Watu wengi wa jamii za wafugaji wamewahi kuondoka hospitalini na jibu la "taifodi na brusela". Brusela ni ugonjwa halisi, na unywaji wa maziwa mabichi ya ng'ombe, mbuzi au ngamia huueneza. Tatizo liko kwenye vipimo.

Kipimo cha Widal cha homa ya matumbo na kile cha haraka cha brusela hutafuta kingamwili. Kingamwili hubaki mwilini baada ya maambukizi ya zamani, na nyingine hutokana na vijidudu tofauti vinavyofanana. Utafiti uliofanywa magharibi mwa Kenya na kuchapishwa mwaka wa 2017 ulionyesha kuwa kipimo cha haraka cha brusela kilichotumika katika vituo vya afya kilikuwa na makosa mengi.

Hesabu ya kubuni inaweza kulifafanua jambo hili. Watu 1,000 wenye homa wanapimwa, na 20 kati yao wana ugonjwa unaotafutwa. Kipimo kinawagundua 18. Lakini ikiwa kinakosea kwa watu 5 katika kila 100 wasio na ugonjwa, wengine 49 watapata jibu chanya la uongo. Jumla ya majibu chanya ni 67, na ya kweli ni 18 tu.

Brusela hutibiwa kwa dawa zaidi ya moja, kwa kawaida kwa wiki 6. Asiye na ugonjwa huo atatumia pesa na kumeza dawa bure, huku ugonjwa wake wa kweli, uwe kifua kikuu au kala-azar, ukiendelea kumla. Kwa sababu hiyo jibu chanya lipimwe kwa dalili na historia ya mgonjwa, na penye uwezo kipimo cha kuotesha vijidudu kutoka kwenye damu kifanywe.

Sukari, figo na chumvi za mwili

Sukari ya mtu aliyefunga kula usiku kucha ikifika milimoli 7.0 kwa lita au zaidi, kisukari hushukiwa, na ikiwa hana dalili kipimo hurudiwa. Sukari ya wakati wowote ikifika 11.1 kwa mtu mwenye kiu nyingi na mkojo wa mara kwa mara, kisukari huthibitishwa. Mashine nyingine husoma kwa miligramu kwa desilita. Ili kupata milimoli, tarakimu hiyo hugawanywa kwa 18. Kuchanganya vipimo hivi viwili ni hatari.

Sukari ya chini huua upesi zaidi kuliko ya juu. Mtoto mwenye malaria kali aliyezimia apimwe sukari mara moja, kabla ya shughuli nyingine za karatasi.

Kwa upande wa figo, yurea na kreatinini husomwa pamoja. Yurea ikipanda sana huku kreatinini ikipanda kidogo, huenda mgonjwa amepungukiwa na maji mwilini, jambo la kawaida katika nchi ya joto na kuhara. Zote mbili zikipanda sana, figo zenyewe hushukiwa.

Potasiamu kwa kawaida huwa kati ya 3.5 na 5.0. Ikipita 6.5, moyo unaweza kusimama ghafla, na daktari aarifiwe papo hapo.

Kosa kabla ya maabara

Makosa mengi huanza kabla damu haijafika maabara, na hapo jukumu ni la muuguzi. Damu iliyovutwa kwa nguvu kupitia sindano nyembamba hupasuka chembe zake na kumwaga potasiamu, hivyo jibu huwa juu kwa uongo. Damu iliyotolewa katika mkono wenye dripu huzimuliwa. Dawa ya kuzuia kuganda iliyo katika chupa ya kifuniko cha zambarau ikiingia kwenye chupa nyingine, hupandisha potasiamu na kushusha kalisiamu.

Umbali nao una gharama yake. Damu ikikaa bila kutenganishwa, chembe zake huendelea kula sukari, na kiwango hushuka kwa takriban asilimia 5 hadi 7 kila saa, na zaidi kwenye joto. Sampuli iliyochukuliwa Burat asubuhi ikafika maabara ya mjini alasiri yaweza kumfanya mgonjwa wa kisukari aonekane mzima. Chupa ya kifuniko cha kijivu hupunguza hasara hiyo, lakini dawa hiyo haifanyi kazi papo hapo. Kupima kwa mashine ndogo kando ya kitanda huwa afadhali.

Jina, tarehe na saa ziandikwe kwenye chupa mbele ya mgonjwa, si mezani baadaye.

Mtu kwanza, tarakimu baadaye

Utafiti uliofanywa Uganda na Malawi, uliochapishwa mwaka wa 2019, ulihusu watoto wenye himoglobini kati ya 4 na 6 wasio na dalili za hatari. Wale waliosubiri chini ya uangalizi wa karibu hawakufa zaidi ya wale walioongezewa damu mara moja. Lakini mtoto wa himoglobini hiyo hiyo anayehema kwa shida au aliyepoteza fahamu huhitaji damu bila kuchelewa. Tarakimu ni moja, wagonjwa ni wawili tofauti.

Kwa hiyo, mwanafunzi anapopokea karatasi ya maabara ajiulize maswali matano. Je, jibu hili ni la mgonjwa huyu? Sampuli ilichukuliwa na kusafirishwa ipasavyo? Jibu linalingana na hali anayoiona? Limebadilika vipi kutoka lile la awali? Na je, ni la dharura?

Akiona jibu la hatari, asiliache kwenye faili. Ampigie daktari au afisa wa kliniki, aandike saa aliyopiga, aeleze aliyoelekezwa, kisha arudi kwa mgonjwa. Na mgonjwa mwenyewe aelezwe kwa lugha anayoielewa, kwa kuwa asiyejua kwa nini anapelekwa Isiolo mjini huenda asifike.