Mafahali Wawili Ndani ya Tangi la Kioo

Wahenga walinena kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja. Niliifundisha methali hiyo darasani kwa miaka mingi, nikiifafanua kwa mifano ya wanasiasa na ya majogoo, na kamwe sikudhani kwamba siku moja ningeiona ikitimia sebuleni mwangu, Makongeni, ndani ya lita 60 za maji.

Mpwa wangu, wakati huo akiwa kidato cha pili, alinisihi nimnunulie samaki wa kufuga. Tukaenda mjini, tukarejea na samaki watano wenye rangi za kupendeza. Muuzaji hakututajia aina yao, nasi hatukuuliza. Siku ya tatu kijana akaniita: "Mjomba, huyu aliyepauka ni mgonjwa?" Nilimtazama samaki aliyejibanza pembeni, karibu na uso wa maji, mapezi ameyakunja na mkia umechanika. Nikajibu kwa sauti ya mwalimu asiyetaka kuulizwa tena kwamba alipatwa na baridi. Nilikosea. Hakuwa mgonjwa, alikuwa ameshindwa vita. Wiki ya pili ilipokwisha alibaki mmoja tu, wa buluu yenye milia myeusi, aking'ara kama mfalme aliyetawazwa juu ya makaburi.

Ndipo nilipoanza kusoma. Wale walikuwa mbuna wa Ziwa Nyasa, wa jamii ya siklidi, ambayo pia ni jamii ya ngege na sato tunaowala kwa ugali. Dume la mbuna hulinda jiwe lake na ukoga uotao juu yake, kwa kuwa hapo ndipo penye chakula na ndipo majike huvutwa kutagia. Ziwani, aliyeshindwa hukimbilia nyuma ya jiwe la pili na vita vikaisha. Katika tangi langu hapakuwa na jiwe la pili. Sisi tuliowahi kukaa katika nyumba zilizojengewa wafanyakazi wa reli pale Makongeni twajua jinsi ugomvi unavyozaliwa watu wengi wanapogawana chumba kimoja na bomba moja. Sikuweza kumlaumu samaki kwa ukatili ulioletwa na ufinyu nilioupima mimi mwenyewe.

Basi, ndugu msomaji, ukitaka kuwafuga, jifunze kwanza kuwatambua. Mbabe hung'ara, hutanua mapezi na kuogelea katikati; mnyonge hupauka na kujificha. Miongoni mwa baadhi ya siklidi, dume aweza kubadili rangi kwa dakika chache tu, kadiri cheo chake kinavyopanda au kushuka. Tena usidhani kila asiyekula ni mgonjwa. Jike la mbuna huyaatamia mayai yake kinywani kwa muda wa wiki tatu hivi, koo likiwa limevimba, na wakati huo huhitaji pango la kujisitiri.

Kuhusu malezi, nafasi ndiyo sheria ya kwanza. Tangi la mbuna lisipungue lita 200, na urefu wake una maana kuliko kina chake, kwani samaki hugawana sakafu. Panga mawe yawe na mapango mengi, yaukate upeo wa macho wa mbabe. Dume mmoja awe na majike kadhaa. Epuka kuweka madume ya rangi zinazofanana, kwa kuwa mara nyingi dume humwona mwenye rangi yake kuwa ndiye mpinzani halisi. Usiwaweke wawili peke yao, maana mnyonge atayapokea mapigo yote. Unapoleta mgeni, yapange mawe upya, ili mipaka ya zamani ifutike na kila mmoja aanze kutafuta makao. Maji yawe na nyuzi 24 hadi 26, jambo ambalo katika Nairobi ya mwezi Julai halipatikani pasipo kipasha joto.

Lakini lipo onyo zito zaidi. Ukichoshwa na samaki wako, usimmwage mtoni wala bwawani. Katika miaka ya 1950 mbuta, ambaye Watanzania humwita sangara, aliingizwa katika Ziwa Victoria. Alipoongezeka kwa wingi katika miaka ya 1980, furu wadogo wa ziwa hilo walitoweka kwa mamia ya aina. Miongoni mwa waliosalia yumo mmoja mwenye mgongo mwekundu, aliyepewa mwaka 1985 jina la Mwalimu Julius Nyerere: Pundamilia nyererei. Naye ana adui mwingine, uchafu. Mwaka 1997 watafiti walionyesha kwamba maji yakichafuka, majike hushindwa kupambanua rangi za madume, na aina zilizokuwa mbali mbali huchanganyika hadi zikapotea.

Yule mbabe wa buluu tulimhamishia tangi kubwa lenye mawe, tukamletea majike wanne. Aliendelea kufukuza, lakini hakuua tena. Mpwa wangu aliniuliza kama tabia yake ilikuwa imebadilika. Nikamjibu, safari hii baada ya kufikiri, kwamba tabia ni ile ile. Kilichobadilika ni zizi. Tangu siku hiyo, kila nilipoletewa ofisini mwanafunzi mkorofi, nilikwenda kwanza kulitazama darasa alimoketi.