Yeye Yanga, Wewe Simba: Mtalala Chumba Kimoja?

Mmependana. Mmekubaliana mahari, mahali pa kufungia ndoa, hata nani ataamka kuwasha jiko asubuhi na ile baridi ya Njombe inayong'ata mifupa. Kisha inafika Jumapili ya watani wa jadi. Unatoka chumbani na jezi yako nyekundu, unamkuta mwenzio sebuleni na skafu ya kijani na njano. Hapo, msomaji wangu, ndipo uchumba unapoanza kuonyesha rangi zake.

Usicheke. Dar es Salaam ni kubwa, mtu akifungwa ana pa kujificha. Makambako je? Ni mji wa njia panda, huku malori ya Mbeya, huku mabasi ya Songea, na siku ya mechi vibanda umiza vinafurika mpaka watu wanachungulia dirishani. Kila anayekujua anajua timu yako. Ukikwepa kutaniwa kwenye kibanda, utataniwa sokoni, na Jumatatu utataniwa ofisini. Sehemu pekee iliyobaki ya kupumzika ni nyumbani. Sasa huko nyumbani nako kuna mtani anakusubiri na chakula mezani!

Na usidhani utamhamisha. Yanga ilianza 1935, Simba ikafuata 1936, na mpaka 1971 ilikuwa ikiitwa Sunderland. Watu wengi wamerithi timu kwa baba, naye kwa babu. Njombe Mji walipopanda ligi kuu msimu wa 2017/18, mashabiki wa mkoa walipata kitu cha kwao, vigogo wakaja kucheza palepale Sabasaba. Msimu huohuo wakashuka. Mapenzi ya urithi yakabaki palepale.

Mimi naona tatizo la wapenzi wengi haliko kwenye timu. Liko kwenye mdomo, hasa wakati wa mapumziko.

Kumbuka Jumapili ya Oktoba 20, 2013, Uwanja wa Taifa. Mrisho Ngassa alifungua, Hamis Kiiza akaongeza mawili, timu zikaenda mapumziko Yanga 3, Simba 0. Hebu piga picha meseji zilizotumwa dakika zile kumi na tano. Waliocheka, waliopiga simu kwa wakwe, waliomwambia mume azime redio akalale. Kipindi cha pili Betram Mwombeki akarudisha moja. Dakika chache baadaye Joseph Owino la pili. Halafu dakika za lala salama Gilbert Kaze akasawazisha. Tatu kwa tatu! Kwenye benchi la Simba alikuwa Abdallah Kibadeni, yuleyule aliyefunga mabao matatu Simba ilipoichapa Yanga 6-0 Julai 1977.

Matokeo yalikuwa sare, kwa maana hiyo hakuna aliyefungwa. Lakini meseji ya mapumziko haifutiki kwa bao la kusawazisha. Ukimwambia mwenzio "Simba mbovu", hiyo ni soka, atakujibu na mtacheka. Ukimwambia "ndiyo maana na wewe maisha yako hayaendi", hapo umeshatoka uwanjani. Utani ukigusa mshahara, ukoo au mambo ya chumbani, mwenzio hatanuna kwa ajili ya mpira. Atanuna kwa sababu amegundua unavyomfikiria siku zote, mechi imekupa tu ujasiri wa kusema.

Wengine hukimbilia dawa rahisi: mwanaume aende kibandani, mwanamke abaki nyumbani. Ya zamani hiyo. Siku hizi dada zetu wanajua nani anacheza namba sita na nani ana kadi mbili za njano. Mwacheni mwenye mapenzi yake aende, na kama mnaweza kukaa benchi moja, kaeni.

Jambo la hela ndilo linanitia hofu zaidi. Mechi ya Oktoba au Novemba kwetu inaangukia msimu wa mbolea. Hata sisi wa maofisini tuna heka mbili tatu za mahindi au viazi. Sasa mtu anachukua hela ya mifuko miwili anaiweka dau kwa sababu "safari hii tunawapiga". Novemba 5, 2023 Yanga iliipiga Simba 5-1. Mei 6, 2012 Simba ilikuwa imeipiga Yanga 5-0. Aliyekuwa na uhakika siku zote hizo mbili yuko wapi? Kama mnapenda kuwekeana dau wenyewe kwa wenyewe, wekeaneni kuosha vyombo au kuchota maji. Mbolea iacheni.

Halafu tushukuru, mpira wetu ni dakika 90. Kuna kriketi ya Uingereza na Australia, mechi moja inaweza kufika siku tano. Agosti 2005 pale Edgbaston, Birmingham, iliingia siku ya nne, na Uingereza wakashinda kwa tofauti ya mikimbio miwili tu. Siku nne roho juu! Sijui huko wanaonuniana wanapikiana vipi.

Ingawa na sisi tumewahi kusubirishwa. Machi 8, 2025 watani walikuwa wacheze. Simba wakasema hawachezi, kwa kuwa walizuiwa kufanya mazoezi ya mwisho uwanjani, na mechi ikaahirishwa siku ileile. Ukitokea Makambako hadi Dar ni zaidi ya kilomita 600. Shabiki wa Simba na mchumba wake wa Yanga kwenye basi moja wakirudi, hakuna bao, hakuna wa kumcheka mwenzie, tiketi mkononi, usiku mzima. Natamani ningesikia walikuwa wanaongea nini.

Ilikuja kuchezwa Jumatano ya Juni 25. Yanga 2, Simba 0. Kama wa kwako ni Mnyama, unajua mwenyewe Alhamisi ile chai ilinywewaje.