Bekapu ipo… lakini umewahi kuirudisha?

Leo tuongee bekapu za seva. Najua kuna atakayesema hayo ni mambo ya wakubwa kule Mji wa Serikali, Mtumba. Wapi! Siku hizi hata duka la dawa pale Majengo lina kanzidata.

Niliwahi kuitwa kwenye ofisi moja ya akiba na mikopo hapa Dodoma (jina kapuni). Umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, seva ikafa. Mhasibu wala hana presha, anasema bekapu inajifanya yenyewe kila usiku. Kweli ilikuwepo… kwenye diski ileile iliyoungua! Akina mama wa sokoni wakaanza kupanga foleni na vitabu vyao vya akiba ili waandikwe upya, mmoja mmoja. Aliyepoteza kitabu, ndo imetoka hiyo.

Sasa kabla hujachagua programu ya bekapu, jiulize mambo mawili. La kwanza: uko tayari kupoteza kazi ya muda gani? Kama unanakili saa 6 usiku na seva ikafa saa 10 jioni, kila kilichoingizwa siku hiyo kimekwenda. Muuza duka anaweza kuvumilia. Kwenye akiba za watu hapana. Hapo unahitaji nakala nzima ya usiku, PLUS kumbukumbu ya kila badiliko linalofuata. MySQL na PostgreSQL zote zinaweza kuitunza. Uzuri wake ni kwamba unairudisha kanzidata hadi dakika moja kabla ya kosa. Ila na kumbukumbu hiyo lazima iwe inahamishwa nje ya mashine, la sivyo itaungua na wenzake.

Wengine wanasema "mimi nina seva pacha". Sawa, itakusaidia moja ikiungua. Lakini mtu akifuta wateja wote kwa bahati mbaya, pacha naye anafuta sekunde hiyohiyo!

Jambo la pili: utakaa muda gani bila mfumo? Tuseme nakala yako ni gigabaiti 40, ipo kwenye seva za mbali huko mtandaoni, na laini yako inavuta megabiti 5 kwa sekunde. Piga hesabu: karibu saa 18, tena kama haikatiki. Na huwa inakatika. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ikayumba nchi nzima. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, ikazimwa kwa siku kadhaa. Mwenye nakala mtandaoni tu siku hizo angefanyaje? Kwa hiyo weka moja karibu, kwenye diski ya nje unayoichomoa ukimaliza (virusi vya kudai fidia vinafunga na diski iliyochomekwa), na nyingine mbali kabisa na jengo. Zote zifungwe kwa nywila, humo mna majina na pesa za watu.

Halafu kuna hili la kampuni ya GitLab. Januari 31, 2017 fundi wao, usiku, kachoka, alifuta kanzidata kwenye seva siyo. Takriban gigabaiti 300! Walikuwa na njia kama tano za bekapu. Kwenda kuangalia… nakala za kila siku hazipo, programu ya kunakili ilikuwa toleo lisilolingana na kanzidata, ikawa inagoma. Barua pepe za kuwaonya zilikuwa zinakataliwa na mfumo wa barua. Kilichowaokoa ni nakala ambayo fundi mmoja aliichukua kwa mkono kama saa 6 kabla, kwa kazi nyingine kabisa. Kuirudisha tu kulikula karibu saa 18.

Hao ni watu wenye mafundi wa kumwaga. Wewe mwenye seva moja chini ya meza je?

Jumamosi hii tafuta kompyuta yoyote kuukuu, iweke mbali na seva. Chukua bekapu ya jana, irudishe humo kuanzia mwanzo. Hesabu wateja kama wametimia, linganisha jumla ya pesa na ripoti ya mhasibu. Andika imechukua saa ngapi, bandika karatasi hiyo ukutani juu ya seva. Bosi akiuliza "itarudi lini?", unamwonyesha.